Injini Ikigonga, Msikimbilie Kuifungua

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, test zilinibana kwelikweli. Leo sina stori za hosteli wala za bumu kuchelewa. Leo ni makelele ya injini, na nyie wa sosholojia msikimbie, maana wengi wetu nyumbani kuna gari au pikipiki inayolisha watu.

Mtaani neno "inagonga" ni kama hukumu. Fundi akishalitamka, mwenye gari anaanza kuhesabu vitu vya kuuza. Kumbe milio mingi inayofanana na kugonga inatokana na nati au bolti zilizolegea tu.

Chukueni Corolla ya mjomba wangu. Ni ya zamani, anaendeshea teksi, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada ya binamu zangu wawili. Hata mimi hela ikikata ndiko ninakokimbilia. Mwezi uliopita ikaanza tak-tak-tak, ukikanyaga mafuta mlio unakwenda mbio pamoja na injini. Fundi akachomoa waya wa plagi ya kwanza huku injini inawaka, mlio ukapungua. Akasema, "Mzee, beringi ya konrodi imekwisha. Hapa tunashusha injini." Bei laki 9, nusu itangulie. Mjomba akaanza kumtafuta mtu wa kuinunua kwa bei ya kutupa.

Sasa sikilizeni. Kipimo cha kuchomoa waya si uongo. Silinda ikikosa cheche haichomi mafuta, konrodi haisukumwi kwa nguvu, kwa hiyo beringi mbovu inanyamaza. Tatizo ni kwamba kipo kitu kingine kinachonyamaza vilevile: moshi unaovuja kwenye manifodi ya ekzosi, ile sehemu inayokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba. Silinda isipochoma, moshi hautoki kwa presha, na tak-tak inapungua. Jibu moja, magonjwa mawili!

Cha kuyatenganisha ni baridi na joto. Nikamwambia mjomba, "Shikamoo mjomba, naomba leo usiiwashe mpaka nifike." Nikadandia daladala alfajiri. Tulipoiwasha ikiwa baridi, mlio ulikuwa mkali mno. Baada ya dakika kama 10 ukashuka, karibu kupotea. Beringi ya konrodi mara nyingi hufanya kinyume: oili ikipata moto inakuwa nyepesi, mlio unazidi. Manifodi ikipata moto chuma kinatanuka na kuziba upenyo.

Tukachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha pembeni mwa manifodi, mbali na feni na mkanda. Karibu na silinda ya kwanza mlio ulikuwa kama mtu ananipiga vidole sikioni. Kisha bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini sikioni: huko chini kimya. Oili kwenye kijiti haikuwa na chembe za kung'aa, na taa yake ilizima kama kawaida.

Tukazima, tukaacha injini ipoe, tukafungua bati la kukinga joto. Masizi meusi yametapakaa kwenye maungio. Nati moja haipo kabisa, ya pili naizungusha kwa vidole!

Kwa nini zinalegea? Silinda hedi ya gari hii ni aluminiamu, manifodi ni chuma, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kila ukiwasha na kuzima, vitu hivi viwili vinavutana. Ongeza mtetemo wa miaka, na nati ngumu nayo inasalimu amri.

Nikarudi kwa fundi, kwa heshima zote, nikamwomba aje aone. Akacheka, "Dogo, nyie mnasoma vitabu, sisi tunasoma magari." Lakini alipoona masizi alikaa kimya, kisha akasema, "Haya, lete gasketi." Na kazi aliifanya yeye, mimi nikishika taa.

Kukaza tu kusingetosha, kwa sababu moshi wa moto ulishakula gasketi. Akapuliza mafuta ya kulainisha kutu, akafungua nati zote, akasugua kwa brashi ya waya, akaweka rula kuona kama uso umepinda. Gasketi mpya, nati mpya. Akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa mizunguko, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukikaza kwa hasira unakata stadi ndani ya aluminiamu, na hapo ndipo gharama inaanza. Usikaze injini ikiwa ya moto, na baada ya siku chache za kuendesha uziangalie tena. Vifaa na ufundi, jumla haikufika elfu 60.

Kilichoniogopesha zaidi ya hela ni moshi wenyewe. Ukivuja chini ya boneti unaweza kuingia ndani kupitia matundu ya hewa, na una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Mjomba usiku huwa anasubiri abiria humo humo, injini inawaka ili AC ifanye kazi. Nimemwambia aache hata sasa.

Ila msidhani kila nati iliyolegea ni ya kuchekea. Bolti za flaiwili, kati ya injini na giaboksi, zikilegea zinagonga kama konrodi kabisa. Ya puli ya kranki pia. Ukishuku hizo, zima gari, usiendelee nayo.

Kwa hiyo kabla hamjauza kiwanja, muulizeni fundi maswali matatu. Inalia zaidi ikiwa baridi au moto? Mlio unatoka juu, pembeni au chini? Umeshapitisha spana nje kabla ya kufungua ndani? Fundi mzuri hachukii kuulizwa.

Haya, ngoja niwahi lab, ripoti ni kesho saa 4. Baadaye!