Jinzi Inayonikaa

Sisi wasichana warefu tunaijua shida ya jinzi. Ikikubali kiunoni, inaishia juu ya vifundo. Ikifika chini, kiuno kinaingia watu wawili. Nilipokuwa Kakuma nilivaa sketi tu, kwa hiyo shida hii nimekutana nayo Juba, nilikorudi kufanya kazi na vijana.

Soko la Konyo Konyo mitumba mingi inapitia Uganda, na wauzaji wengi wanasikia Kiswahili. Chumba cha kujaribia hakuna. Unaivaa chini ya sketi, unachuchumaa, unainama. Ikikubana, iache. Angalia urefu kwanza: kiuno fundi atapunguza, lakini mguu hawezi kuurefusha.

Halafu kuna kipimo kingine, macho ya watu. Oktoba 2008 polisi wa Juba walikamata wasichana zaidi ya 30 kwa sababu ya suruali za kubana. Mwaka 2009 kule Khartoum, mwandishi wa habari Lubna Hussein alishtakiwa kwa kuvaa suruali. Alikataa kulipa faini, akalala jela. Wasichana wa kikundi changu walikuwa wadogo sana wakati huo, lakini mama zao hawajasahau. Kwa hiyo mama akikataza jinzi, mimi simwiti mshamba. Nakaa chini, namsikiliza.

Kisha namwambia, "Mama, na hii anacheza mpira, anapanda boda, na haimfunui." Wengine wanakubali, wengine bado. Mimi yangu nimeipata, nyeusi, ndefu. Naenda nayo hata kwa hao mama.