Shingo Iliyonyooka Kupita Kiasi

Wengi hudhani kwamba kitu kilichonyooka kabisa ndicho kilicho bora. Askari hufundishwa kusimama wima, na seremala husifiwa kwa mstari usiopinda. Hata hivyo, ipo kazi ambayo unyoofu kamili huiharibu, nayo ni kazi ya shingo ya gitaa. Jambo hilo lilidhihirika hivi karibuni katika nyumba ya sajini mmoja mstaafu wa polisi, mtaa wa Nsambya mjini Kampala, wiki moja kabla ya kwanjula ya binti yake.

Sajini huyo alipostaafu hakutaka kushinda barazani akihesabu magari. Alikuwa ameupenda muziki wa dansi tangu ujana wake, hasa ule wa Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, na kwa muda mrefu alitamani gitaa la umeme lenye nyuzi 12. Bei ya dukani ilimshinda, akaamua kuliunda kwa mikono yake. Mbao za mvule alizipata Ndeeba. Ufito wa chuma unaofichwa ndani ya shingo alitengenezewa na mafundi wa Katwe. Vigingi na sumaku za kunasia sauti alivitoa katika magitaa mawili makuukuu. Kazi hiyo ilimchukua miezi minane, naye aliahidi kwamba siku ya kwanjula wageni wangelisikia.

Gitaa la kawaida la umeme lina nyuzi 6, ambazo zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi. La nyuzi 12 lina jozi 6. Katika jozi nne za chini, kila uzi mnene hufuatana na mwembamba unaotoa sauti ile ile juu zaidi, kama mtoto aimbaye pamoja na baba yake. Jozi mbili za juu hulingana sauti. Ndiyo maana gitaa moja husikika kama mawili. Lakini utamu huo una gharama yake, kwani mvuto nao huwa karibu maradufu, kama kwamba mtu mzima wa kilo 90 ananing'inia hapo usiku na mchana. Si ajabu kwamba kiwanda cha Rickenbacker cha Marekani, ambacho gitaa lake la nyuzi 12 lilipigwa na George Harrison wa Beatles mwaka 1964, kiliweka shingoni fito mbili badala ya mmoja.

La sajini lilikuwa na ufito mmoja. Baada ya wiki mbili shingo ilianza kupinda mbele kama upinde, nyuzi zikainuka, na vidole vya mzee vikaumia. Alikusudia kuirekebisha taratibu. Lakini mwanawe, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha polisi cha Kabalye, Masindi, alitaka kumsaidia. Usiku, wazazi walipolala, aliweka rula ya chuma juu ya shingo, akatia spana katika nati ya ufito, akakaza mzunguko mmoja na nusu. Kitu kikalia "ta!" Akaogopa, akaacha. Hata hivyo rula ilikuwa imelala sawasawa, bila upenyo wowote.

Asubuhi mzee alilishika gitaa, na kila uzi alioubonyeza ukalia kama nyuki ndani ya kopo.

"Nani ameligusa?"

Kijana alisimama wima. "Ni mimi, Mzee. Nilitaka inyooke."

Akangoja ghadhabu, kwa kuwa alimjua baba yake. Katika nyumba ile watoto waliamshwa saa kumi na moja alfajiri, vitanda vilikaguliwa, na neno moja la ubishi lilitosha kuleta adhabu. Kwa sababu hiyo kijana aliondoka nyumbani mapema, na miaka yote hiyo salamu zake zilikuwa fupi.

Safari hii mzee hakufoka. Alimwonyesha kiti. "Keti, mwanangu. Umewaona watoto wakizungusha kamba ya kuruka? Miisho imeshikwa, lakini katikati kamba hutanuka. Uzi wa gitaa nao ni hivyo hivyo. Ukiunyima nafasi pale katikati, utagonga vyuma vya shingo na kulia ovyo. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa. Hutakiwa iachiwe kibonde kidogo."

Walilegeza nyuzi, kisha nati. Ilionekana kwamba mti ulikuwa mzima, na mlio wa usiku ulikuwa wa nati kavu iliyokwama; ikatiwa tone la mafuta. Nyuzi zikakazwa tena, lakini chini ya kawaida kwa sauti moja nzima, jambo linalopunguza mvuto kwa karibu moja ya tano. Kisha mzee akamfundisha kupima. Uzi hubonyezwa kwenye chuma cha kwanza, na tena pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Hapo uzi wenyewe huwa rula. Huangaliwa upenyo ulio chini yake karibu na chuma cha saba au cha nane. Robo ya milimita yatosha, nayo ni kama unene wa kadi ya mwaliko. Kadi za kwanjula zilikuwa mezani, wakachukua moja.

"Ukizungusha nati kulia, shingo hunyooka. Kushoto, hulegea. Lakini ni robo mzunguko tu, kisha unasawazisha sauti, unapima tena, na unaiacha ilale usiku. Mti hauitiki amri papo hapo. Na mvua zikija, utapima upya, maana mti hunywa unyevu."

Mama wa nyumba, aliyekuwa akiandaa chai, aliyasikia yote. "Baba watoto," akasema, "maneno hayo ungeyasema miaka kumi iliyopita, mtoto huyu angekuja nyumbani kila likizo."

Chai ikamiminwa bila mtu kusema neno. Hatimaye mzee akajibu, "Ni kweli, mama. Nilikaza bila kupima." Akamkabidhi kijana spana. "Shika wewe. Robo tu."

Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Siku ya tatu kadi ilipita chini ya uzi kwa kugusa kidogo, na nyuzi zote 12 zikalia safi. Jumamosi wageni walilisikia gitaa kama walivyoahidiwa, na kabla ya kurudi chuoni kijana aliomba ruhusa ya kuja tena mwezi wa Desemba.

Hapana shaka kwamba nyumba ya askari yahitaji nidhamu, kama vile shingo ya nyuzi 12 isivyoweza kusimama bila ufito wa chuma. Anayeuondoa ataona shingo ikipinda mbele ya macho yake. Lakini mzazi anayekaza hadi pasibaki nafasi hata ya unene wa kadi, asishangae kusikia kelele mahali alipotarajia wimbo. Na akape kazi yake muda, kwani robo moja kwa siku ilitosha kulirudisha gitaa la Nsambya.