Simu Haimsubiri Mtoto Ajibu

Sisi tuliokulia Pangani kabla ya umeme kuingia majumbani hatukufundishwa kusema, tulisemeshwa. Mtoto akiwa mgongoni, mama akitwanga, alisikia soga zote za uani. Akitoa sauti, "ba-ba-ba," bibi alimjibu kama aliyesikia habari nzima: "Ehe, kisha ikawaje, mume wangu?" Mtoto alinyamaza, akamtazama usoni, akajibu tena. Mazungumzo huanzia hapo, miezi mingi kabla ya neno la kwanza, ambalo kwa watoto wengi huja wakikaribia mwaka mmoja.

Baadaye vikaja vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Tulijifunza kungoja zamu, kupima maneno, na kushindwa kwa adabu, maana aliyeshindwa alitoa mji. Aliyepewa mji naye hakutoa jibu upesi. Alisimulia kwanza alivyosafiri na alivyopokewa huko. Ulimi ulinolewa kila jioni.

Leo mtoto wa mwaka mmoja anapewa simu atulie, na mzazi ananiambia, "Mzee, anajifunza lugha." Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliochezeshwa na mtu aliyekaa nao walizitambua sauti za lugha ile. Waliotazama wasemaji walewale kwenye video hawakuambulia kitu. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, lilishauri watoto wasiofika miaka 2 wasikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku.

Kizazi hiki kina mzigo wake. Mama anatoka alfajiri kwenda kazini, bibi yuko mbali, na dada wa kazi ana shughuli tele. Tena kinatuzidi kwa jambo moja: mtoto akichelewa kusema hupelekwa kupimwa masikio, ambapo zamani tuliambizana tu, "Atasema." Hilo liendelezwe.

Lakini wazazi, muda wa kumwogesha na kumlisha mtoto mnao. Msemesheni kwa lugha mnayoimudu, iwe Kiswahili, Kizigua au Kibondei, kisha nyamazeni mpaka ajibu. Nasi wazee, wajukuu wakija kututembelea, tuzime televisheni kwanza.