Kutoka Kome hadi Rock City Mall: dagaa wangu, aibu yake

Kuna watu wakisikia "wikiendi ya wawili" wanawaza Zanzibar. Wikiendi yangu mimi huanzia kwenye kivuko. Mimi ni mwalimu kisiwani Kome, mume wangu ni mtu wa ofisini Mwanza mjini. Tuna miaka miwili ya ndoa na tunaonana mara moja kwa mwezi. Safari hii alinipigia simu: "Njoo Jumamosi, nikutoe Rock City Mall." Moyo ukanidunda kama binti wa sekondari!

Kutoka Kome si mchezo. Alfajiri unapanda kivuko hadi Nyakaliro, unabanana kwenye gari hadi Sengerema, unaunganisha hadi Kamanga, halafu unavuka maji mara ya pili. Najua utaniuliza, na daraja je? Kweli, Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na ukitoka Sengerema na gari lako unateleza tu. Lakini mimi Kamanga sijaiacha. Inanishusha mjini kabisa, na pale kwenye kivuko wote tunakuwa sawa: mwenye tai, mwenye baiskeli, mama mwenye ndoo ya samaki. Ukiona Jiwe la Bismarck limekaa juu ya mawe mengine majini, utadhani litadondoka kesho, basi jua umefika.

Mume wangu alikuwa gatini, kapendeza kinoma. Tukachukua usafiri hadi mall. Wa Dar walianza kujidai na Mlimani City tangu 2006, sisi wa Kanda ya Ziwa tulisubiri sana kupata ya kwetu. Sakafu inang'aa, manukato yananukia, wapenzi wameshikana mikono. Nusu yao hawanunui kitu, wanapiga picha na kulamba aiskrimu moja watu wawili. Raha ya mall ni kwamba kuingia ni bure.

Mlangoni mlinzi akaomba kuangalia begi langu. Nikafungua. Harufu ikatangulia! Nilikuwa nimembebea mume wangu kilo mbili za dagaa wa Kome, waliokaushwa vizuri, kwa sababu anawapenda kuliko kuku. Mlinzi akacheka: "Dada, hawa wa kisiwani kabisa! Nibakizie basi." Nikacheka naye. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa hatua tano mbele, anaangalia simu kama vile hanijui.

Nikajisemea, labda ana meseji ya kazini.

Tukiwa tunashangaa viatu dirishani, akatokea jamaa wa ofisini kwake. "Shemeji! Umerudi lini kutoka Dar? Masomo yanakwendaje?"

Wapenzi, sijawahi kusoma Dar hata siku moja. Nikamtazama mume wangu, jasho linamtoka na baridi yote ile ya kiyoyozi. Nikajibu, "Yanakwenda salama, shemeji."

Tulipokaa nikamuuliza polepole, "Kumbe nasoma Dar?" Alikaa kimya mpaka aiskrimu ikayeyuka. Mwishowe akafunguka. Wenzake wake zao ni watu wa benki na wanasheria. Siku ya kwanza kazini walipomuuliza habari za mkewe, akazuga. Uongo ukaota mizizi, akashindwa kuung'oa.

Sikupiga kelele. Nilimkumbusha jambo moja tu: alipokuwa hana kazi, mshahara wa mwalimu wa kisiwani ndio uliolipa kodi ya chumba chake miezi mitatu. Akainamisha kichwa. Usiku ule aliwala dagaa wote niliowakaanga, nami nikawa namtazama tu.

Jumapili, kwa kawaida hunisindikiza hadi gatini akaniaga. Safari hii alikata tiketi mbili. Tulipokuwa katikati ya maji akatoa simu, akampigia yule jamaa. "Bwana, jana sikukwambia ukweli. Mke wangu ni mwalimu Kome." Sijui aliambiwa nini upande wa pili, ila nilimwona akicheka, mabega yameshuka kama mtu aliyetua gunia.

Kamanga tulikula ugali na sato kwa mama ntilie, mikono yetu kwenye sahani moja. Kisha akageuza na kivuko kilichofuata. Je, nimemsamehe? Nusu. Nusu iliyobaki ataifuata mwenyewe. Nimemwambia mwezi ujao zamu yake kuvuka mara mbili aje Kome, na yule rafiki yake amlete.

Kwa hiyo wewe na mwenzi wako mkiwa na nafasi, Mwanza mfike, na mall mtembee. Bajeti ikiwa ndogo msione haya, angalieni vioo na mnunue aiskrimu. Ila kabla hujamtoa mwenzako mahali penye taa nyingi, jiulize kama uko tayari watu wamwone alivyo, pamoja na begi lake. Mimi begi langu lilirudi Kome tupu, lakini bado linanuka dagaa. Sitalifua.