Siyu: Daftari Lililokuwa Chini ya Godoro



Juma lililopita tulikuwa Lamu, na siku moja ilipobaki wazi tukaazimia kuzuru Siyu, katika kisiwa cha Pate. Safari hiyo haifuati saa ya mkononi bali hufuata maji. Yakijaa, mashua huingia kati ya mikoko hadi karibu na mji. Yakipwa, abiria hukunja nguo akakanyaga tope. Sisi tulikunja nguo.

Leo Siyu ni mji mtulivu wenye ngome kuukuu. Katika karne ya 18 na ya 19 ulisifika kwa maulamaa na mafundi wake: hapo Misahafu iliandikwa na kupambwa kwa mkono, mbao zikachongwa, ngozi zikashonwa. Ndipo alipotawala Bwana Mataka, aliyezipinga nguvu za Sayyid Said. Na mkewe Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate.

Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Ni nini kilichomchochea? Ni maradhi, na mtoto ambaye angebaki bila mama. Aliutunga kwa ajili ya mmoja wa nyumbani mwake, na baada ya miaka zaidi ya 160 ungali unasomwa pwani yote.

Hayo tulikuwa tukiyazungumza barazani na mwenyeji wetu, mkewe akatusikia kutoka ndani. "Sheikh," akasema, "nami nina yangu machache." Akamtuma mjukuu wake atuletee daftari la shule lililokuwa chini ya godoro, limejaa beiti kwa herufi za Kiarabu.

Tulimuuliza huyapata wapi maneno hayo. "Katika kushona kofia. Mkono ukishika sindano, moyo hutembea." Alikuwa ametunga juu ya mvua iliyokawia, juu ya mwanawe aliye safarini baharini, na juu ya mtoto aliyechelewa kusema.

"Na umemsomea nani, mama?"

"Sijamsomea mtu. Nachelea riya, Sheikh. Na nachelea kuchekwa."

Tulinyamaza kidogo, kisha ikatubidi tumweleze letu. Mama yetu, Allah amrehemu, alikuwa mtungaji. Alitunga akisuka mikeka, nasi tuliketi ubavuni mwake na kalamu na wino wa madrasa, tukinakili nahau ya Kiarabu, tusimwandikie hata ubeti mmoja. Tulidhani elimu iko katika vitabu vyetu tu. Alipofariki tulijaribu kukumbuka, tukapata sauti yake na vina viwili. Maneno yalikuwa yamekwenda naye.

Tukamwambia: riya ni maradhi ya nia, na dawa yake ni kuitengeneza nia, si kuificha kheri. Ama kuchekwa, anza na mmoja, kama alivyoanza Mwana Kupona.

Akamwita mjukuu. Binti yule alisoma kwa kukwama, kwani herufi zile amezizoea katika Qur'ani, si katika maneno ya bibi yake. Bibi akawa akimsahihisha huku akishona. Walipofika kwenye beiti za mtoto aliyechelewa kusema, binti akaacha kusoma, akainua macho.

"Bibi, huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Endelea."

Nahodha akatuita, maji yasije yakatuacha. Tuliondoka sauti ile ingali ikisoma.

Wasomaji wetu, huenda nyumbani mwenu mna daftari kama hilo, au mna mama ambaye hajawahi kuandikiwa beiti zake. Jumamosi hii keti naye, na kalamu mkononi. Sisi tulikuwa na kalamu, tukachelewa. Allah atujaalie tuyasikie ya wazee wetu wangali hai. Amin.