Mombasa kwa Feri, Bila Kutoboa Mfuko

Akina mama wenzetu, likizo ya Agosti mnaijua. Watoto wako nyumbani, karo ya muhula ujao inasubiri, na kila asubuhi swali ni lile lile: leo tunaenda wapi? Sisi ni mawifi wawili, wakaaji wa Ukunda, na watoto sita kati yetu. Jibu letu likawa feri ya Likoni.

Kwenye feri hii magari ndiyo yanayolipa. Mtu wa miguu huvuka bure, kwenda na kurudi. Kwa hivyo tulihitaji nauli ya matatu mpaka Likoni, chupa za maji, chapati zetu wenyewe na shilingi mia sita za vitu vidogo vidogo.

Shida ilikuwa Mama (kwa mmoja wetu ni mzazi, kwa mwingine mama mkwe). Kaka yake alikufa maji tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu 272 walikufa siku ile. Tangu hapo Mama huvuka akiwa mgonjwa tu, ndani ya gari, macho ameyafumba. Tulipomwambia tunawapeleka watoto, alinyamaza. Kesho yake tulimkuta mlangoni amejifunga leso mpya. "Hamwendi na wajukuu wangu bila mimi."

Tulivuka saa nne, wafanyakazi wakiwa wameshapita. Hiyo ndiyo saa nzuri kwa mwenye watoto. Asubuhi na jioni msongamano si wa mchezo. Kila mkubwa alishika watoto wawili, mbali na magari. Safari ni ya dakika chache tu. Mama aligeuza uso upande wa kushoto, kuliko na Mtongwe, asiseme neno. Hatukumsemesha.

Upande wa kisiwani tulitembea hadi Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa na upepo wa bahari. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili iliwashibisha watoto kuliko chapati zetu, tuseme ukweli. Meli ya makontena ikaingia kuelekea Kilindini, karibu nasi mno hata mdogo akaipungia mkono. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, tuliitazama kwa nje. Ndani kuna kiingilio, na watu tulikuwa tisa.

Pale chini ya mbuyu, mjukuu mkubwa aliuliza babu yule alikuwa nani. Mama akaeleza: alifanya kazi bandarini, alipenda kuimba, alikuwa mrefu kama baba yenu. Hata sisi tulikuwa hatujawahi kusikia kwamba alipenda kuimba.

Tulirudi saa tisa, kabla ya watu kutoka kazini. Safari hii Mama alisimama wima, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umemshika mdogo, akiwaonya wajukuu wasisogee mpaka feri isimame kabisa. Sasa anauliza Desemba tutavuka siku gani.