Dainamo na Misumari

Mwaka 1996 nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu katika maonyesho ya kazi za mikono za wanafunzi huko Mgwashi, milimani Usambara. Kanuni ilikuwa moja tu, imeandikwa ubaoni kwa chaki: kila kitu kiwe kimetengenezwa na mwanafunzi mwenyewe. Tuliiandika kwa haraka, wala hatukudhani kwamba ingetusumbua.

Kijana mmoja wa darasa la sita alileta gurudumu la mbao. Akalitega kwenye mfereji. Maji yakalizungusha, ukanda wa mpira ukazungusha dainamo ya baiskeli, na balbu ndogo ikawaka mchana kweupe. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikauliza, "Dainamo umeitengeneza wewe?"

Akasema ameinunua kwa fundi baiskeli, kwa fedha za kuuza pichesi. Nikamkata alama 20. Ushindi ukaenda kwa kigoda kizuri tu.

"Shikamoo mwalimu," akaniambia baadaye, macho chini. "Na misumari ya kigoda je?"

Nilimwambia aende akapumzike. Jibu sikuwa nalo.

Miaka mingi ikapita. Mjukuu wangu alipoingia katika mambo ya roboti, nilijitia kusoma kanuni za FIRST, taasisi iliyoanzishwa Marekani na Dean Kamen mwaka 1989. Kumbe wenzetu walikwisha kulifikiria jambo hili. Kifaa cha dukani kwao ni kile kinachouzwa kwa kawaida, ambacho timu yoyote yaweza kukinunua, nacho hakijabadilishwa. Ukikikata, au ukikitoboa tundu moja tu, kimekuwa kifaa cha kutengenezwa. Kununua si dhambi, ila kila kifaa kijulikane ni cha aina gani. Kijana wangu alikuwa amekichomoa kile kigurudumu cha dainamo na kuweka puli ya mti aliyoichonga kwa kisu. Mimi niliiona puli ile. Sikuihesabu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, maneno hayo "timu yoyote yaweza kukinunua" hayajanitoka rohoni. Pale Mgwashi, ni watoto wangapi waliokuwa na mti wa pichesi nyuma ya nyumba? Mashindano ya FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, hupeleka sanduku la vifaa vilevile kwa timu ya kila nchi. Hilo naliona ni la haki zaidi, ingawa sisi hata sanduku la misumari tusingelimudu.

Kijana yule leo ni mtu mzima, anachomelea vyuma Soni. Mwaka jana nilimpelekea jembe lililokatika, nikamsimulia habari za kanuni hizo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake myeusi.

"Sasa mwalimu, zile alama ishirini utanirudishia lini?"

Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Fedha ya jembe aliipokea yote.